JEMBE SI FIMBO

Haya ni maneno ya mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.



Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi wakilisikia neno hili hucheka, wakidhani kuwa ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Mimi naona lina maana nyingine iliyo nzito zaidi. Siku ya kwanza mgeni hupewa maji ya kunawa. Siku ya pili huchinjiwa kuku, kama kuku yupo. Siku hizo zote mbili bado ni mtu wa kupita. Siku ya tatu akishika jembe na kuingia shambani pamoja na wenyeji wake, ndipo anapohesabiwa kuwa mmoja wao. Anaijua mipaka ya shamba, anajua mbegu ilipopandwa, na jioni anakula chakula ambacho na yeye amekitolea jasho. Kwa wazee wetu, basi, kumpa mtu jembe kulikuwa ni kumpa heshima ya kuwa mtu wa nyumbani.

Sasa twende shuleni. Kengele imekwisha kulia na wanafunzi wamesimama mstarini. Mtoto mmoja anafika akihema, miguu ina umande, maana ametoka mbali na asubuhi ya Mbulu ina baridi yake. "Shikamoo mwalimu." Mwalimu wa zamu anaitikia: "Marahaba. Umechelewa. Chukua jembe, kalime pale nyuma ya choo mpaka nije." Mwingine amepiga kelele darasani, huyo atachimba kisiki. Wa tatu hakufanya kazi ya nyumbani. Huyo atafyeka nyasi za uwanja. Wa nne amekosa hesabu, atachota maji. Na yule aliyewahi, aliyenyamaza, aliyepata hesabu zote kumi, zawadi yake ni ipi? Zawadi yake ni kubaki amekaa huku wenzake wakilima.

Ndugu wasikilizaji, mtoto si mjinga. Somo hilo hulisoma kila siku bila kitabu wala ubao: kwamba kazi ya mikono ni malipo ya makosa, na kwamba mtu mwema na mwenye akili hapaswi kuifanya. Halafu akimaliza shule sisi wakubwa tunamsimamia na kumwambia kuwa kazi ni uhai, kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, vijana rudini mashambani. Kisha tunashangaa anapotutazama kama mtu anayeambiwa arudi kifungoni. Je, kosa ni lake?

Leo nataka kusema jambo moja tu. Tunataka wanafunzi wetu wajifunze kazi, na tunataka waiheshimu. Hayo yote mawili ni mema. Lakini hatuwezi kuyapata maadamu jembe tunalitumia kama fimbo. Kazi humfunza mtu na kumpa heshima pale tu inapokuwa na mambo matatu: iwe ni kazi ya kweli yenye haja, awepo mtu anayeijua ambaye anaifanya pamoja na mwanafunzi, na mwanafunzi aone matunda yake. Ikikosa hayo, inakuwa adhabu au inakuwa utumwa mdogo, hata tukiipa jina zuri namna gani.

Mazungumzo haya nimeyaelekeza hasa katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa sababu huko yapo mambo yanayoweza kutufundisha pande zote mbili, upande wa kuiheshimu kazi na upande wa kuidharau.

Kwanza tujikumbushe tulikotoka. Mwezi wa Machi mwaka 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Siku hizi watu wengi wanaikumbuka siasa hiyo kama shamba la shule tu: wanafunzi walime, basi. Lakini Mwalimu hakusema hivyo. Alichotaka ni kwamba shule iwe jumuiya inayojitegemea kwa kiasi fulani, na kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi ya shamba, waweke hesabu zake, na washiriki kuamua faida itumike vipi. Alilalamika kuwa elimu tuliyorithi kwa mkoloni ilimfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba baba yake mkulima hana la kumfundisha. Kwa maneno mengine, shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa. Halikukusudiwa kuwa gereza, wala bohari ya kuwalisha walimu.

Tena tusisahau kilichotangulia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana mjini Dar es Salaam wakipinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi. Inayosahauliwa ni kwamba wakati ule ule alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane naye juu ya kuwafukuza vijana wale. Lakini alijua jambo moja: mwenye kudai wengine wajitolee, hana budi aanze yeye.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililosema kuwa kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali apitie Jeshi la Kujenga Taifa na afanye kazi kwanza. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa nayo yalisimamishwa, hata yaliporejeshwa mwaka 2013. Amri zilikuja, amri zikaondoka. Lakini katika miaka hiyo yote, kule chini shuleni, ile desturi ya kumpa mkosaji jembe iliendelea bila kuhitaji azimio lolote. Ndiyo kusema kwamba mkono mmoja ulikuwa ukijenga na mwingine ukibomoa.

Sasa tuingie Mbulu. Kusini mwa mji wa Mbulu, juu kwenye vilima vya Kainam, ndiko wanakokuita wenyewe nyumbani kwa Wairaqw. Mtu akisimama pale na kutazama mabonde, ataona mashamba yaliyopangwa kwenye miteremko kwa namna ambayo maji ya mvua hayapati nafasi ya kukimbia na udongo. Kuna matuta, kuna mifereji ya kuongoza maji, kuna viazi vitamu vilivyooteshwa kwenye matuta mabondeni. Ng'ombe hufungwa na kulishwa nyumbani, na samadi yao hubebwa kupelekwa shambani. Ng'ombe wengine hukopeshwa kwa ndugu na marafiki, hivyo asiye na mfugo hupata maziwa na mbolea, na mwenye mifugo mingi hupata mahali pa kuiweka. Wataalamu kutoka nchi mbalimbali wamefika huko kujifunza na kuandika vitabu juu ya kilimo hicho, kwa kuwa kimeweza kulisha watu wengi katika ardhi ndogo yenye mteremko kwa muda mrefu.

Nauliza: nani aliyeyafanya hayo? Ni watu walioshika jembe. Na jembe hilo halikuwa la kulima tu. Lilikuwa la kufikiri. Anayeinua tuta lazima ajue maji yatatoka wapi na yataelekea wapi. Anayebeba samadi lazima ajue kipande kipi kimechoka. Watoto hawakufundishwa kwa kupelekwa nyuma ya choo kulima magugu wasiyojua yalimwe kwa nini. Walikwenda na baba na mama, na shangazi na mjomba, wakalima pembeni mwao, wakaona tuta lililobomoka mwaka jana likijengwa upya mwaka huu.

Sasa fikirieni mtoto wa Kainam anayezaliwa katika maarifa hayo, kisha anapelekwa shule, na shuleni anakuta jembe liko kwenye orodha ya adhabu. Baba yake ni fundi wa udongo. Shule inamwambia kuwa kazi ya baba yake ndiyo anayopewa mtoro. Na baba mwenyewe naye, masikini, huongeza kuni motoni anaposema: "Mwanangu, soma kwa bidii usije ukalima kama mimi." Anasema kwa mapenzi, najua. Anataka mtoto apate nafuu kuliko yeye. Lakini mtoto husikia kwamba baba yake ni mfano wa kushindwa.

Tushuke sasa mpaka Hanang, tuone upande wa pili wa jambo hili. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na kuendelea, Serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za wilaya hiyo, chini ya shirika la umma lililoitwa NAFCO. Mashamba yalifika 7, yakiwemo Basotu, Setchet, Mulbadaw na Murjanda, na ardhi iliyohusika ilikaribia ekari 100,000. Nia ilikuwa nchi ijitosheleze kwa ngano, na ngano kweli ilivunwa, tena nyingi. Vijana wa Kitanzania walijifunza kuendesha na kutengeneza matrekta na makombaini kwa kufanya kazi bega kwa bega na mafundi waliowatangulia, na wengine wakapelekwa masomoni Kanada. Hayo tuyaseme, kwa sababu ni haki kuyasema.

Lakini nyanda zile hazikuwa tupu. Wafugaji wa Kibarabaig walikuwa na utaratibu wao wa kuhama na mifugo kwa majira. Mvua zikinyesha hupeleka ng'ombe kwenye nyanda zenye majani bora; kiangazi kikizidi huziacha nyanda hizo zipumzike na kwenda penye maji ya kudumu na malisho mengine. Kuziacha nyanda zipumzike kulikuwa ni kazi. Kulihitaji mipango, mapatano baina ya watu, na maarifa ya majani na maji ambayo kijana hujifunza kwa miaka mingi nyuma ya ng'ombe. Machoni pa wapangaji, hata hivyo, ardhi isiyo na ng'ombe siku ile ilionekana kuwa ardhi isiyotumika, na mchungaji akaonekana kuwa mtu asiye na kazi. Ardhi ikalimwa. Wenyewe wakabanwa katika sehemu zilizobaki. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi wake, na ardhi ikabaki kwa NAFCO. Baadaye yakaonekana makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua katika nchi iliyofunuliwa na matrekta. Leo NAFCO yenyewe haipo tena.

Kwa nini nawakumbusha habari hii katika mazungumzo ya wanafunzi na kazi? Kwa sababu waliopanga mradi ule hawakuwa watu wabaya wala wasiosoma. Walikuwa wamesoma sana. Lakini shule zao hazikuwa zimewafundisha kuitambua kazi iliyo tofauti na ile waliyoizoea. Hakuna aliyewahi kuwapeleka wakakaa msimu mmoja na mchungaji, wakamwuliza: mzee, mbona mnahama sasa, na majani bado yapo? Dharau ya kazi siyo kosa la adabu peke yake. Ni upofu, na upofu huo uliwapotezea watu malisho yao.

Hapo ndipo ninapoyaona mafunzo ya kazi kwa wanafunzi kuwa ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kijana wa chuo anayepelekwa leo kwenye mafunzo ya vitendo, au kama wanavyosema wenyewe, aliyekwenda fildi, kesho ndiye afisa atakayekuja na ramani kuamua ardhi ipi inatumika na ipi haitumiki. Fildi ndiyo nafasi yake ya kufunguliwa macho. Je, tunaitumiaje?

Mara nyingi mambo huwa hivi. Kijana anafika ofisini na barua yake, nguo zimepigwa pasi. Nauli na chumba amejilipia, au wazazi wameuza mbuzi. Anaonyeshwa kiti pembeni. Wiki ya kwanza anatumwa chai. Wiki ya pili anatumwa kupiga fotokopi. Wiki ya tatu hatumwi kitu, anasoma gazeti la juzi. Mwisho anaomba daftari lake la kazi lijazwe na kupigwa muhuri, na anayelijaza anaandika kuwa kijana ni mtiifu na ameshiriki vizuri katika shughuli zote. Shughuli zipi? Chuo kinapokea muhuri, kijana anapata alama, na watu wote wameridhika isipokuwa nchi.

Sisemi kuwa kupika chai ni kazi ya aibu. La hasha. Aliyeipika vizuri anastahili shukrani. Ninachosema ni kwamba huyu hakuja kujifunza chai, na aliyemtuma chai hakumtuma kwa sababu ya kumfundisha unyenyekevu. Alimtuma kwa sababu hakuwa amefikiri ampe nini.

Sasa tazameni tofauti. Kule Haydom, wilayani Mbulu, iko hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955, nayo inafundisha pia wauguzi. Mwanafunzi wa uuguzi, hapo na katika vyuo vingine vya aina hiyo, huanza na kazi ambazo mtu wa barabarani angeziita ndogo. Anajifunza kutandika kitanda huku mgonjwa amelala juu yake. Anamwogesha asiyejiweza. Anapima joto la mwili na mapigo ya moyo, anaandika. Anamwaga uchafu ambao ndugu wa mgonjwa mwenyewe huenda angeufumbia macho. Mbona hatusikii kwamba wauguzi wanafunzi wanaadhibiwa? Kwa sababu mambo yale matatu yapo. Kazi ni ya kweli: mgonjwa asipogeuzwa atapata vidonda vya mgongoni. Mwalimu yupo, naye ameinama kitandani hapo hapo, mikono yake imelowa kama ya mwanafunzi. Na matunda yanaonekana: yule aliyeletwa amebebwa anaondoka akitembea, naye anashika mkono wa mwanafunzi na kusema asante binti yangu. Kazi ile ile ya kumwaga uchafu, mahali pengine ni adhabu ya kiranja. Hapa ni mwanzo wa taaluma.

Basi siyo kazi inayotia aibu. Ni namna inavyotolewa.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili lina haraka. Tangu Januari mwaka 2024 mitaala mipya imeanza kutumika kwa awamu katika shule zetu, na mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023. Katika sekondari sasa uko mkondo wa elimu ya jumla, na uko mkondo wa elimu ya amali, yaani wa ufundi, kilimo, ufugaji na kazi nyinginezo za ujuzi. Ni mpango mwema. Lakini mpango mwema ukiwekwa juu ya mazoea mabaya huoza. Kama mtoto amefundishwa miaka yote ya shule ya msingi kuwa jembe, fyekeo na nyundo ni vyombo vya kuwaadhibia wakosaji, basi akipangiwa mkondo wa amali atadhani amepewa adhabu ndefu ya miaka minne. Na wazazi watapanga mstari kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto wao ahamishiwe upande wa wenye akili. Hapo tutakuwa tumejenga karakana na kuwajaza ndani yake watoto waliokata tamaa.

Wako watakaonijibu. Mzazi atasema: Sikumpeleka mtoto shule akalime, kulima nitamfundisha mwenyewe. Ana haki yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto, na inaruhusu kazi nyepesi tu, kwa mtoto aliyefikia umri wa miaka 14, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Shamba la mwalimu linalopaliliwa na darasa zima saa za masomo, mavuno yakaenda nyumbani kwa mwalimu, siyo Elimu ya Kujitegemea. Ni unyonyaji. Mzazi anayelikataa hilo anatetea heshima ya kazi, haipingi.

Mwalimu naye atasema: Fimbo mnatukataza, jembe mnatukataza, tuwafunze watoto adabu kwa kitu gani? Nami ninamwelewa. Ana wanafunzi wengi darasani, na wengine ni wakaidi. Lakini nimwulize kwa heshima: mwalimu, mbona hujapata kumwadhibu mtoto kwa kumwambia akasome kitabu cha Kiswahili kurasa 20? Hufanyi hivyo kwa sababu unajua atakichukia kitabu. Basi jembe nalo lihurumie vivyo hivyo. Aliyechelewa abaki baada ya vipindi afidie somo alilolikosa. Aliyevunja kioo ashiriki kukirudisha. Mkaidi aitiwe mzazi wake. Kazi ya shamba na usafi iwe ya zamu, ya wote, mwerevu na mzito, mtoto wa mwenyekiti na mtoto wa mjane.

Nami nisiishie kulaumu. Nina mambo manne ya kupendekeza, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili.

La kwanza ndilo hilo nililolisema. Kila shule katika Mbulu na Hanang iamue, kwa kikao cha walimu na kamati ya shule, kwamba chombo chochote cha kazi hakitatumika kuwa adhabu. Siku ya kuanza itangazwe mstarini, wanafunzi wasikie.

La pili, mwalimu ashike jembe lake. Siku ya kazi za mikono asisimame kivulini na fimbo kwapani. Si lazima alime kutwa. Alime mistari miwili, aulize, aelekeze. Mtoto ataona.

La tatu, hesabu za shamba ziwe mikononi mwa wanafunzi. Tuseme darasa la watoto 40 limepanda maharage nusu ekari na kuvuna magunia 2. Mbegu ilikuwa kilo ngapi? Imezaa mara ngapi? Kiasi gani kimekwenda jikoni, kiasi gani kimewekwa kwa mbegu, na kilichouzwa kimenunua nini? Hapo pana somo la hesabu la wiki nzima, pana kilimo, na pana uraia, maana mtoto aliyezoea kuuliza mapato ya shamba la shule, akikua atauliza mapato ya kijiji.

La nne linahusu vijana wa vyuo na ofisi zinazowapokea. Kila kijana apewe kazi moja ya kweli, yenye mwanzo na mwisho, na mtu mmoja wa kumwongoza, hata kama mtu huyo hana cheti. Anayesomea udongo akae Kainam wiki tatu kwa mzee mmoja anayetunza matuta yake, achore ramani ya mifereji, aandike majira ya samadi. Anayesomea mifugo aende upande wa Basotu, afuatane na wachungaji, aandike majani yanayoliwa mwezi gani na maji yanapatikana wapi. Anayesomea biashara ahesabu safari ya gunia la vitunguu saumu kutoka kwa mkulima wa Mbulu mpaka sokoni, na nani anachukua nini njiani. Na kabla ya daftari kupigwa muhuri, kijana asimame mbele ya wale waliomfundisha, awasomee alichoandika kwa Kiswahili cha kueleweka. Wamsahihishe. Mzee wa miaka 70 akimwambia msomi, "Hapo umekosea mjukuu wangu, mfereji unapita huku," na msomi akafuta na kuandika upya, heshima ya kazi itakuwa imeingia mahali pake.

Wengine watauliza kama haya yote si maneno tu, kwani dunia imebadilika na mashine zimeingia. Nitawajibu kwa jambo ambalo watu wa Hanang hawawezi kulisahau. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023 maporomoko ya tope, mawe na miti yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh kwa sehemu, pamoja na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mashine zilikuja, na zilisaidia sana. Lakini ndani ya nyumba zilizojaa tope, na mahali ambapo mwili wa mtu ulihitaji kutolewa kwa staha, zilihitajika sepetu na mikono. Askari walishika sepetu, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walishika, wananchi wakashika. Siku zile hakuna aliyeuliza sepetu hii ni ya mwenye cheti gani. Wala hakuna aliyeona kwamba anayechimba tope ameadhibiwa.

Chombo ni kile kile. Siku ya msiba tulikiona ni cha heshima, kwa sababu tulijua kazi ile ni ya nini na ni kwa ajili ya nani. Mtoto wa shule naye anastahili kujua hivyo, tena siku za amani.

Kwa hiyo ndugu mwalimu, kesho asubuhi mtoto akichelewa, mwulize ametoka wapi na kwa nini amechelewa. Jembe liache lipumzike mpaka saa yake. Na saa yake ikifika, mpe kama tunavyompa mgeni wa siku ya tatu, kwa maana kwamba sasa wewe ni mtu wa hapa, njoo tulime pamoja.